Jumamosi za Pamba

Vijana wangu wa karakana, mmeniaga vizuri. Pilau lilikuwa na nyama ya kueleweka, na lile shati mliloninunulia linanibana kidogo tumboni lakini nitalivaa. Mliponiomba niseme neno nilisimama, nikasema neno moja na nusu, nikakaa. Niliona mkitazamana, maana mnajua mimi si mtu wa kukosa maneno. Sasa niko nyumbani, mgongo nimeuegemeza ukutani kama daktari alivyoagiza, naandika yale yaliyonikwama siku ile. Makosa ya herufi mtayanyoosha wenyewe. Mimi niliishia kidato cha pili, na hicho chenyewe sikukimaliza.

Kwanza tumalize lile ambalo kila mtu analijua. Kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, na kushuka kusini hadi vile vijiji ambavyo njia yake ni maji tu, hakuna fundi wa boti za mbao aliyenizidi. Sijisifu, boti zenyewe zipo, nendeni mkaziangalie. Wamekuja watu wakazipima kwa kamba wakaenda kuziiga, na za kwao mpaka leo zinatembea upande kama kaa. Mimi nilianza na kaptura ya shule na mikono mitupu. Haya, hilo limeisha.

Nilipelekwa kazini na mjomba, baba alipopooza upande mmoja. Baba alikuwa mchuuzi wa dagaa, mimi ndiye mtoto wa kwanza, na mambo ya ada yakaishia hapo bila mtu kukaa kikao. Mjomba alinishika mkono mpaka ufukweni Ujiji kwa Mzee Masudi, fundi aliyekuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na tezo, lile shoka dogo la kuchongea, ambayo mpini wake ulikuwa umeliwa na kiganja chake mpaka ukawa na umbo la kiganja hicho. Alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu. Akamuuliza mjomba kama njiani nililia. Mjomba akasema hapana.

"Basi atalia," Mzee Masudi akasema. "Mpe kikapu."

Kikapu kilikuwa cha pamba. Ninyi mnaijua kazi hiyo, lakini naieleza kwa sababu kila ninachotaka kusema kimepita humo. Mtu wa mitaani anadhani boti inashikwa na misumari. Misumari inashika mbao tu. Maji yanazuiwa na pamba. Unaichambua kwa vidole mpaka isibaki na kitonge, unaipota iwe kama kamba ya unene wa kidole, unailoweka mafuta, kisha unaisukuma kwenye nafasi kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Ukichambua vibaya ikawa na tonge hapa na wembamba pale, maji yatapaona pembamba kabla yako. Mzee Masudi aliniweka kwenye kikapu hicho muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuota pamba usingizini. Nyundo sikuishika. Msumeno niliubeba tu kama mtu anayembeba mtoto wa jirani.

Jumamosi ya kwanza walikuja watatu. Shuleni tulikuwa tunakaa karibu karibu, tukitumia mkebe mmoja wa hesabu ambao bikari yake ilikuwa imelegea. Bukuru alitoka Simbo, pacha aliyefiwa na mwenzake utotoni, mrefu, mpole, akiishi kwa shangazi yake hapa mjini. Rashidi alikuwa wa mtaani kwetu Ujiji, kazi yake kubwa ilikuwa kuchekesha watu. Dafroza alitoka Kidahwe, na ndiye pekee kati yetu aliyekuwa anaelewa kinachoandikwa ubaoni kabla hakijafutwa. Nilipowaona wanakuja na sare zao nilitaka kuingia chini ya boti.

Rashidi akapanda juu, akakaa kwenye mataruma, zile mbavu za boti ambazo hazijafunikwa mbao. Akavuta pumzi puani.

"Zube," akaniambia, "hii shule yako mpya mbona inanuka migebuka?"

Dafroza akamwambia anyamaze. Bukuru alifungua daftari lake, akaanza kusoma kwa sauti yale waliyofundishwa wiki ile, kuanzia Jumatatu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Mimi nikatazama upande wa Mzee Masudi, nikijua tutafukuzwa wote. Yeye hakugeuka. Alisema tu mikono isisimame.

Basi ikawa hivyo. Jumamosi hiyo, na iliyofuata, na nyingine zote mpaka walipomaliza kidato cha nne. Mara atasoma Bukuru, mara Dafroza. Rashidi alisoma mara chache, na akisoma aliongeza ya kwake humo ndani, mpaka Dafroza anamnyang'anya daftari. Mimi nachambua pamba, masikio yangu yako darasani. Wakimaliza, Dafroza ananiuliza maswali. Nikikosea ananiuliza tena wiki inayofuata, swali lile lile, wala hasahau.

Mzee Masudi naye alikuwa anasikiliza, ila hakutaka ijulikane. Fizikia haikumvutia. Historia alibishana nayo, kwa sababu babu zake walipita kwenye misafara hiyo hiyo inayosimuliwa na aliona wameandikwa kwa kifupi mno. Alichokipenda sana ni mlo wa ng'ombe. Akiwa ameinama na randa yake, unasikia, "Wewe wa Simbo, rudia ile ya tumbo lenye vyumba vinne." Bukuru anarudia. Mzee anatikisa kichwa, anasema lo, na tunawala tu bila kuwaheshimu.

Walifanya mtihani wao. Ile wiki hakuna aliyekuja ufukweni, na nakumbuka pamba ya Jumamosi ile niliichambua ovyo, nikaambiwa nirudie yote. Matokeo yakatoka. Bukuru akaenda ualimu. Dafroza akaenda uuguzi. Rashidi alifeli kwa heshima zote, akaanza biashara ya dagaa na mawese, na kusema kweli ndiye aliyenenepa mapema kuliko wenzake.

Rashidi huyo huyo ndiye mteja wangu wa kwanza. Mzee Masudi alikuwa ameshaanza kusumbuliwa na macho, akaniachia boti nzima, kuanzia mkuku, ule mti wa chini unaobeba kila kitu, mpaka rangi. Siku ya kuishusha majini watu walijaa. Tukaisukuma juu ya magogo kwa nyimbo, ikaingia ziwani vizuri, ikakaa sawa, nikajiona mfalme. Kisha maji yakaanza kuingia. Hayakumwagika kwa fujo, yalijitokeza kimya kimya kwenye kila mstari wa mbao, kama jasho. Rashidi akashika kichwa. Wavuvi wakaanza kunipa pole ya kejeli. Mimi nikakimbilia ndoo.

Mzee Masudi alikuwa amekaa juu ya jiwe. Akaniita kwa mkono, akanikalisha.

"Iache inywe," akasema. "Mbao imekaa juani muda wote huo, ina kiu. Ikishashiba itavimba, itaibana pamba yako yenyewe. Ukiitoa leo umeiharibu."

Bukuru na Dafroza walikuwa wamekuja likizo. Tulikaa pale wanne, tunachoma samaki, tunaitazama boti ikinywa. Rashidi alikuwa anainuka kila mara kwenda kuchungulia kama mtu mwenye mgonjwa wodini. Dafroza akamwambia, "Kaa chini, mgonjwa anaendelea vizuri, kaomba uji." Tulicheka mpaka Mzee Masudi naye akacheka. Boti ikashiba, ikafunga, na haikuvuja tena mpaka ilipozeeka. Rashidi alitangaza Ujiji nzima kwamba ameijenga yeye kwa subira yake.

Hilo lishikeni, vijana. Boti mpya ikivuja msishike ndoo wala simu. Kaeni nayo.

Yaliyofuata ni kazi, na kazi yenyewe mnaiona. Nilirithi tezo ya Mzee Masudi. Nilijenga boti za abiria, za mizigo, za dagaa. Wenzangu walikuwa mbali, lakini hakuna likizo iliyopita bila mmoja wao kufika karakana na kukaa juu ya mbao zangu. Watu wazima, na watoto wao, na vitambi. Nilidhani itakuwa hivyo siku zote. Mtu mwenye kazi nyingi hajui kwamba watu wanapungua.

Alianza Rashidi. Sukari. Tulimzika Ujiji, tukilipokezana jeneza mabegani, Bukuru akiwa katikati yetu na suti yake ya ualimu, akibeba kama sisi. Kaburini kila mmoja akatupa udongo wake, fundi, mwalimu, mchuuzi, hata yule aliyekuwa na kesi naye ya mipaka. Kwetu Waislamu hakuna anayekuuliza ulimjuaje marehemu. Unashika udongo, basi. Sikuliona hilo kuwa ni jambo la maana mpaka alipofuata Dafroza.

Dafroza alizikwa kwao Kidahwe, na nilikwenda na gari langu la kubebea mbao, limejaa watu. Kwa wenzetu Wakristo, mnafahamu, wanaitwa kwa makundi kuweka mashada. Kijana anashika kipaza sauti: watoto wa marehemu, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake. Akaita waliosoma naye. Walikuwapo wengi, wametoka Dar es Salaam na Mwanza, wamevaa fulana nyeupe za namna moja, mgongoni mwaka waliomaliza kidato cha nne. Nyuso za wengi wao nilizikumbuka, wao hawakunikumbuka. Wana kundi lao kwenye simu, la wahitimu. Mimi mgongoni nina maumivu tu.

Nilinyanyuka nusu. Yule kijana akaongeza, "Wahitimu wenzake, karibuni." Nikakaa. Baadaye nikaitwa pamoja na marafiki wa familia kwa ajili ya lile gari nililotoa, nikaenda, nikaweka shada pamoja na mwenyekiti wa kijiji na mwenye duka la dawa. Nilijisikia kama mtu aliyeingizwa kwenye picha isiyo yake.

Tulipokuwa tunarudi barabarani, Bukuru alikaa nami mbele. Akaniuliza kwa nini sikwenda mbele. Nikasema waliitwa wahitimu.

"Waliitwa waliosoma naye," akasema. "Wale wa fulana, ni wangapi walimsikia Dafroza akisoma? Alisoma kwa sauti kwa ajili yako, Zube. Aliniambia ndiyo maana masomo yalimkaa kichwani mpaka chuoni. Kama si kile kikapu chako, angekuwa nesi wa kubahatisha."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Siku yangu ikifika usikae na majirani," akasema. "Umenisikia? Usinikalie na majirani."

Nilimwambia aache maneno ya mkosi, yeye ni mzima, na pia mimi ndiye ninayebeba mbao, nitatangulia. Kumbe moyo wake ulikuwa umeshapanuka na alikuwa anajua.

Hapo ndipo ninyi mlipoingia, kwa hiyo mengine mmeyaona. Bukuru aliacha kufundisha kabla ya wakati, akarudi kwao Simbo, na Jumamosi akawa anakuja karakana kwa bodaboda, taratibu, na sweta juani. Mlimwamkia shikamoo Mwalimu, naye anawajibu na kuwauliza habari za nyumbani kwa Kiha, hata wewe Shabani usiyejua Kiha. Mliniuliza huyu mzee anatafuta nini. Alikuwa anatafuta kikapu.

Aliniomba pamba siku ya kwanza tu aliyokuja. Nikamwambia daktari wake atanifunga. Akasema mikono haijakatazwa. Basi akawa anachambua, na safari hii msemaji ni mimi. Nilimfundisha kila kitu: namna ya kuujua ubao wa mvule kwa kuugonga, kwa nini taruma la omo, kule mbele ya boti, halikatwi bali linatafutwa kwenye mti uliopinda wenyewe, namna Mzee Masudi alivyokuwa anafumba jicho moja na kuona kosa ambalo kamba haikuliona. Nilimwuliza maswali. Akikosea nilimwuliza tena wiki inayofuata, kama Dafroza. Alikuwa mwanafunzi mzito sana. Pamba yake ilikuwa nene hapa, nyembamba pale. Nikamwambia, "Mwalimu, hii ni pamba au mkia wa panya?" Akajibu kwamba ukiona mwanafunzi hivyo uliza kwanza nani kamfundisha.

Wewe Shabani ulitaka kuichambua upya nikakukatalia kwa ukali, ukanuna. Sasa unajua kwa nini. Ile boti iliyokuwa juu ya magogo wakati ule, ya mwisho kuijenga kwa mkono wangu, upande wake wote wa kulia niliuziba kwa pamba ya Bukuru kama ilivyotoka vidoleni mwake. Penye wembamba nilisukuma mara mbili. Nilitaka aje aione inashuka.

Hakuiona. Walinipigia asubuhi, nikiwa napaka rangi.

Simbo ilikuwa imejaa. Wanafunzi wake wa zamani, walimu, kwaya mbili. Mkewe, Mama Neema, alikuwa amekaa mbele kwenye mkeka na wanawake. Mimi nilikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, na nitawaambia kweli, sikusikia mahubiri. Nilikuwa nasubiri kuitwa, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuliogopa ziwa. Mimi ambaye nikisimama mbele ya tajiri yeyote namtajia kazi yangu bila kupepesa macho.

Wakaitwa watoto, ndugu, majirani wa karibu, walimu. Kisha yule kijana wa kipaza sauti akasema, "Waliosoma na marehemu."

Hakusimama mtu.

Wale wa kundi la simu walikuwa wamebaki wachache, wengine wagonjwa, wengine wako mbali. Walituma salamu na wakaagiza shada likanunuliwe hapa hapa, lenye utepe. Lilikuwa mezani peke yake. Kijana akarudia. Watu wakaanza kugeuza shingo, mmoja anamtazama mwingine, kama pale mgeni anapokosa mwenyeji kituoni.

Nikasimama. Magoti yakalia, nadhani walisikia mpaka kwaya. Nikatembea mpaka mezani. Yule kijana alinijua, nilimjengea baba yake boti, akainama kuniambia kwa adabu, lakini kipaza sauti alikuwa amekishika mdomoni, kwa hiyo uwanja mzima ukasikia.

"Mzee wangu, mafundi na marafiki tutawaita baadaye. Hawa ni waliosoma naye."

"Nilisoma naye," nikasema.

"Wapi, mzee?"

Hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kutangaza.

"Kidato cha kwanza na cha pili shuleni. Cha tatu na cha nne ufukweni Ujiji, siku za Jumamosi."

Kuna mtu alicheka kidogo nyuma huko. Kisha Mama Neema akanyanyua uso. Hakunyanyua sauti.

"Mpe shada," akasema. "Huyo ndiye darasa."

Nikalipokea. Kwetu hatuweki maua, na sikujua linashikwaje, nikalibeba kama ubao, mikono miwili. Nikaliweka juu ya udongo, nikafumba jicho moja nikaona limekaa upande, nikalinyoosha. Halafu nikabaki nimesimama pale muda ambao nadhani ulikuwa mrefu, kwa sababu yule kijana hakuita kundi jingine mpaka nilipoondoka.

Wiki ile ile tukaishusha boti. Mnakumbuka ilivyovuja upande wa kulia, mkakimbilia ndoo, nikawafokea. Nilibeba kiti changu nikakaa nayo. Upande wa kushoto ulishiba upesi. Ule wa kulia ulikunywa, ukanywa, nikawa nachungulia kama Rashidi. Hakukuwa na mtu wa kuniambia nikae chini, mgonjwa kaomba uji. Ilipofunga nilipitisha kiganja ndani, kila mstari, kikavu. Nikajua sina tena ninachotaka kumwonyesha mtu pale. Ninyi mlidhani nimeacha kazi kwa ajili ya mgongo.

Kwa hiyo hilo ndilo neno lililokwama siku ya pilau. Mlinishukuru kwa kuwafundisha kazi, nami nilikuwa nawatazama mlivyokaa juu ya mbao, mmoja anamtania mwenzake, na nikakosa pa kuanzia.

Mimi nitazikwa Ujiji. Mtanibeba, mtatupa udongo wote kwa pamoja, hakuna atakayeitwa kwa kundi, na ni sawa, ndivyo tulivyo. Ila nakiri ningependa, mara moja tu, mtu asimame pale aite, "Waliosoma na marehemu," pakae kimya, na watu wakisikie kile kimya. Sheikh hatakubali, na ana haki. Basi msimsumbue. Jumamosi itakayofuata, mkiwa kwenye kikapu, mmoja wenu asome chochote kwa sauti, hata maelezo ya kopo la rangi. Wengine msikilize. Mikono isisimame.